Majina Mia na Kumi na Tisa

Saa nane usiku, Mabatini. Unga nimeshaukanda,
nimeufunika kwa kitambaa cha mfuko wa sukari,
na mkono wangu unakwenda redioni
kabla kichwa hakijakumbuka.
Mkwaruzo tu,
kama mtu anayepepeta dagaa wakavu kwenye sinia.

Mwaka na miezi minne, Lufungulo,
tangu useme, "Basi, wapenzi, nami nikalale,"
ukakohoa, ukazima.
Sikujua kwamba hata tanuri lilikuwa likikusikiliza.
Rumba mbili, kadi za salamu, tangazo la msiba:
unga wangu uliumuka kwa kipimo hicho.
Sasa nina saa ya ukutani, na wateja wanasema
mikate ya Minza siku hizi nje ina majivuno, ndani mbichi.

Si mimi peke yangu.
Malongo, mlinzi wa kinu cha pamba Igoma,
anasema mwizi anayemwogopa ni usingizi,
na huyo sasa anaingia bila kubisha.
Sista Kokubelwa wa Bugando hajasahau
ulivyowasalimu "waliolazwa na wanaowalaza".
Na Bwire, aliyekushika majini huko mbele ya Igombe,
betri zimefungwa kwa mpira wa baiskeli,
anasema tangu unyamaze
ziwa limeongezeka upana.

Kisha uvumi: umeonekana Kirumba unanunua betri.
Betri nne! Mtu mwenye umeme, betri za nini?
Tukajenga juu ya betri nne
kama mji huu unavyojenga juu ya majabali.

Tukaandika barua, karatasi ya daftari, kalamu ya Sista.
Malongo alitaka ianze "Kwa heshima na taadhima".
Bwire akasema, andika "Rudi", inatosha.
Majina mia na kumi na tisa, mengine dole gumba.

Jumapili tukakufuata Kisesa.
Ulikuwa kwenye matuta ya viazi, buti za mpira,
mfupi kuliko sauti yako.
Betri zilikuwa za kurunzi,
ya kuwamulikia nungunungu.

Ukaisoma kimya. Ukarudi juu.
Halafu, sijui ni koo lilijisahau,
ukaanza majina, kwa sauti ile ile, kila mtu na kazi yake:
"Malongo wa getini. Kokubelwa wa wodini. Bwire wa majini.
Minza wa mikate, asiyelala ili wengine waamkie chai."
Kuku wakatulia.
Mkeo akatoka jikoni na mwiko, akaegemea mlango.
Ulipofika kwa Shija wa malori,
ambaye tulimzika barua ikiwa bado inazungushwa,
hatukukukatiza.
Acha asalimiwe.

Jina la mwisho. Ukaikunja barua,
ukaitia mfuko wa shati, pamoja na miwani.
"Miaka thelathini na mmoja nimelala mchana kama popo.
Mwanza nzima naibembeleza, na huyu hapa
alikuwa akilala na redio."
Mkeo hakucheka. Hakukanusha.

Tukapewa viazi, nusu gunia.
Hukusema ndiyo.
Hukusema hapana, anasema Bwire,
na hiyo hapana isiyosemwa ameing'ang'ania kama nanga.
Mimi niliona kingine: jua halijazama
na tayari unapiga miayo,
miayo mirefu, ya mtu anayelipwa deni lake.

Lakini saa nane ni saa nane.
Mkwaruzo unaanza, nami najikuta nasema kwa sauti,
tanuri linasikia, na panya wa stoo,
"Malongo wa getini. Kokubelwa wa wodini..."
Jana nilifika sabini na mbili kabla mkate haujaiva.
Haukuungua.
Wewe nakuweka mwisho: Lufungulo wa viazi, lala.
Kisha, samahani,
nasogeza sindano kidogo kushoto.